Hisa Zako Zitakaa kwa Nani? Swali la Kwanza kwa Anayetafuta Dalali

Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom mwaka 2008, kwa shilingi 5 kila moja, watu zaidi ya laki nane walijitokeza kuziomba. Siku hizi anayetaka kuanza hahitaji hata kutoka nyumbani: atapiga picha kitambulisho chake, atatuma pesa kwa M-Pesa, na tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi linamruhusu kununua hata hisa moja, ilhali zamani alilazimika kuanzia hisa 100. Ni hatua njema, maana milango ya soko imefunguliwa kwa mwenye kipato kidogo. Hata hivyo, wepesi huohuo unawafanya wengi wachague dalali kwa kutazama programu yake inavyopendeza na matangazo yake yanavyovuma. Nashikilia kwamba yapo mambo mazito zaidi ya kuuliza kwanza: nikishanunua, hisa zangu zitaandikwa kwa jina la nani, pesa zangu zitakaa wapi, na nitawezaje kuthibitisha hayo bila kutegemea neno la dalali mwenyewe?

Wakenya walifundishwa umuhimu wa maswali hayo kwa hasara. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo & Partners ilianguka mwaka 2007. Machi 2008, wiki chache tu kabla ya mauzo ya Safaricom kufunguliwa, Nyaga Stockbrokers nayo ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria, huku wateja wakilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao. Watu hao hawakuponzwa na kuchagua hisa mbovu. Kampuni ambazo walinunua hisa zake ziliendelea na biashara kama kawaida. Kilichovunjika ni kiungo kati ya mnunuzi na mali yake. Mfuko wa fidia kwa wawekezaji nao ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mtu. Aliyekuwa na hisa za shilingi 20,000 angeweza kufidiwa zote, lakini aliyeweka humo akiba ya miaka mingi angepata sehemu ndogo tu.

Kinga iliyo bora ipo tayari, ila lazima mwenye mali aitumie. Tangu mwaka 2004 hisa za Kenya zimekuwa zikihifadhiwa kielektroniki na shirika la CDSC, katika akaunti maarufu kama CDS. Kazi ya dalali ni kukufungulia akaunti hiyo na kupeleka sokoni maagizo yako. Kwa hiyo hakikisha akaunti ina jina lako wewe, si jina la kampuni inayowashikia hisa wateja wengi kwa pamoja. Omba taarifa ya akaunti kutoka CDSC yenyewe, kisha uilinganishe na hesabu unayoiona kwenye programu. Ukiuza hisa, usiache pesa zilale kwa dalali, zihamishie benki. Magawio nayo yaelekezwe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki.

Wapo watakaosema kwamba gharama ndiyo kigezo kikuu. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa ada na tozo zote kwa pamoja hufikia takriban asilimia 2 unaponunua, na nyingine kama hizo unapouza. Bei isipopanda zaidi ya asilimia 4 hivi, hujapata faida. Lakini sehemu ya makato hayo huenda kwa soko, kwa mdhibiti na kwa CDSC, na haibadiliki kwa kubadilisha dalali. Anayenunua mara chache na kuzishika hisa zake kwa muda mrefu huokoa zaidi kuliko anayehangaika na tofauti ndogo za kamisheni. Palipo na hatari kwa mnunuzi mdogo ni kwenye ada ya chini kabisa kwa kila agizo: dalali akitoza shilingi 100 kwa ununuzi wa shilingi 500, sehemu moja ya tano imekwenda kabla hisa haijapanda wala kushuka.

Wengine watajibu kwamba tangu wakati ule sheria zimekazwa, hivyo leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inatosha. Leseni ni sharti la lazima, na jina la kampuni litafutwe kwenye orodha ya Mamlaka kabla ya kutuma hata shilingi. Lakini leseni zina aina zake. Zipo kampuni zilizopewa leseni ya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, chini ya kanuni za mwaka 2017, na baadhi ya programu za aina hiyo huonyesha majina ya kampuni kubwa za Marekani, ilhali anachonunua mteja ni mkataba wa kukisia bei itakavyokwenda. Hamiliki hisa yoyote, hana kura, na mara nyingi hutumia pesa za kukopeshwa zinazoweza kumaliza mtaji wake kwa siku moja. Zaidi ya hayo, mdhibiti hukagua kampuni kwa vipindi, lakini mwenye akaunti anaweza kukagua mali yake kila baada ya muamala. Dalali wa kumfaa anayeanza ni yule anayeurahisisha ukaguzi huo. Asiyeweza kukueleza waziwazi hisa zako zimeandikwa kwa jina la nani hastahili kupewa pesa zako, hata programu yake iwe nyepesi kiasi gani.