Gari la Zamani: Kutoka Volti 6 Hadi Volti 12



Tulipotembelea kikundi kimoja, tulikuta Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe, ya aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka wa 1962. Mzee mmoja aliwaachia wanakikundi wapelekee maziwa barabarani na wagonjwa hospitali. Taa zake zilikuwa hafifu kama kibatari, na asubuhi za baridi lilibidi lisukumwe. Mwanakikundi akaleta betri ya volti 12 kutoka kwa pikapu, nasi tukasema, "Haya, jaribuni." Taa ziling'aa ajabu, mara zikaungua zote. Koili nayo ikawa moto hata haishikiki. Pesa za mauzo ya mahindi zikaenda hivyo. Kosa lilikuwa letu pia, kwa hiyo tuliketi na mafundi tujifunze.

Nitajuaje gari langu ni la volti ngapi?

Hesabu vifuniko vya kutilia maji juu ya betri. Kila chumba cha betri ya asidi hutoa kama volti 2. Vifuniko vitatu ni volti 6. Sita ni volti 12. Soma pia maandishi kwenye balbu na koili, kwani huenda mtu aliwahi kubadilisha kabla yako. Volkswagen za kobe za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na volti 6. Zile za kuuzwa Marekani zilianza kutumia volti 12 kwa modeli ya 1967.

Kwa nini volti 12 ni bora?

Taa ya wati 45 kwa volti 6 huvuta ampea 7 na nusu. Kwa volti 12 huvuta nusu ya hapo. Umeme mwingi ukipita kwenye waya wenye kutu, nguvu hupotea njiani, kama maji kwenye mfereji unaovuja. Ukipoteza volti 1 kati ya 6, umepoteza sehemu kubwa kuliko 1 kati ya 12.

Basi, kabla ya kutoa pesa, safisha kwanza vichwa vya betri na mahali waya wa athi unapofungwa kwenye bodi. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu, na dawa yake ni msasa na spana.

Mkiamua kubadilisha, ni nini cha kubadilisha?

1. Betri.
2. Dainamo pamoja na katauti yake, au mfunge alteneta. Dainamo ya volti 6 haiwezi kuchaji betri ya volti 12. Betri itaisha tu.
3. Koili. Ile ya zamani itaungua na kuharibu pointi.
4. Balbu zote, hata zile ndogo za dashibodi.
5. Honi, waipa, redio na kile kidude cha kuwashia indiketa.

Waya za zamani zaweza kubaki, maana ni nene, mradi mpira wake haujapasuka. Stata ya volti 6 yaweza kuzungusha injini, lakini kwa nguvu nyingi mno; isishikiliwe muda mrefu, maana huungua au kula meno ya flaiwili. Ni vema kupanga kuibadilisha.

Hatari za kuangalia

Ondoeni waya wa athi wa betri kabla ya kugusa chochote. Angalieni pia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi. Kwa Volkswagen ni hasi, lakini magari mengi ya zamani ya Uingereza ni chanya, na ukigeuza alteneta huharibika papo hapo.

Jambo kubwa zaidi: betri ya kobe hukaa chini ya kiti cha nyuma. Betri mpya ikiwa ndefu, abiria akiketi, springi za kiti hugusa vichwa vya betri, cheche huruka na kiti hushika moto. Hebu fikiria mama mjamzito amekaa hapo! Tafuteni betri fupi, muifunge imara, na mfunike vichwa vyake kwa mpira.

Kazi ikiisha, pimeni betri injini ikikimbia. Ikionyesha kati ya volti 13 na nusu na 14 na nusu, inachaji vizuri.

Wenzetu walinunua vifaa vyote kwa pamoja baada ya kuchanga, wakamwita fundi anayejua kazi. Sasa gari linawaka bila kusukumwa. Rahisi ni ghali, ndugu zetu.

Maswali ya kujadili kikundini

- Je, tumesafisha waya kabla ya kununua chochote?
- Orodha ya vifaa vyote itagharimu pesa ngapi, na zitatoka wapi?
- Ni nani atakayekagua betri kila wiki?