Ndengu si dengu: Andika jina la mmea sawasawa kabla hujafika mpakani

Tuseme mnunuzi wa Nairobi amempigia simu muuzaji wa Arusha akitaka magunia 50 ya ndengu. Muuzaji amesikia dengu. Mzigo umepakiwa, umefika Namanga, gunia la kwanza limefunguliwa, na mnunuzi anasema hicho sicho alichoagiza. Muuzaji naye anaapa kwamba ametuma kile kile alichoambiwa. Wote wawili wanasema kweli.

Nchini Kenya, ndengu ni zile punje ndogo za kijani ambazo Watanzania huziita choroko, na ambazo Mombasa hujulikana pia kama pojo. Nchini Tanzania, dengu ni punje kubwa zaidi, zenye kijincha, zinazosagwa kupata unga wa kukaangia bajia. Matamshi yanatofautiana kwa herufi moja, lakini mzigo unatofautiana kwa zao zima.

Kitabu cha ushuru wa forodha kinayatenganisha mazao hayo mawili. Choroko, ambayo jina lake la kitaalamu ni *Vigna radiata*, iko chini ya namba 0713.31. Dengu ya Tanzania, *Cicer arietinum*, iko chini ya namba 0713.20. Ukiandika jina la moja kwenye karatasi na kubeba nyingine kwenye gari, afisa aliye mbele yako hana njia ya kujua kama umekosea au umedanganya.

Wafanyabiashara wa mazao, miche na mbegu katika ukanda huu wanasikilizana kwa Kiswahili, na hilo ni jambo jema. Lakini Kiswahili cha sokoni kina majina mengi, na kila nchi ina yake. Makala haya yanaeleza namna ya kuyaandika majina ya mimea ili mzigo wako usisimamishwe kwa sababu ya neno.

Jina moja, mimea miwili

Dengu si mfano wa pekee. Chukua neno dodo. Kwa mchuuzi wa Tanga au Dar es Salaam, dodo ni embe kubwa tamu. Ukivuka Mutukula kuingia Uganda, au Rusumo kuingia Rwanda, dodo ni mboga ya majani, yaani mchicha. Ukiagiza "dodo tani mbili" bila kuongeza neno, hujaagiza kitu kinachoeleweka.

Mbatata nayo ni hivyo hivyo. Unguja na Pemba, mbatata ni viazi mviringo, vile vya kukaangia chipsi. Kwa Kichewa cha Malawi, mbatata ni viazi vitamu. Viazi mviringo ni *Solanum tuberosum*, ndugu wa nyanya na bilinganya. Viazi vitamu ni *Ipomoea batatas*, na havina undugu wowote wa karibu na hivyo vya kwanza. Kwenye kitabu cha ushuru, viazi mviringo viko kichwa cha 0701 na viazi vitamu kichwa cha 0714.

Kenya, mboga inayouzwa sokoni kwa jina la spinachi, yenye majani mapana na bua nene, mara nyingi si spinachi halisi. Ni *Beta vulgaris*, jamii moja na kiazisukari. Spinachi halisi ni *Spinacia oleracea*. Anayenunua mbegu kwa kutazama jina la sokoni tu anaweza kupanda kitu ambacho mteja wake hakukitaka.

Mmea mmoja, majina kumi

Upande wa pili wa tatizo ni mmea mmoja unaobadilisha jina kila unapovuka mpaka. Mgagani wa Tanzania ni saga kwa wauzaji wengi wa magharibi mwa Kenya, ni jobyo kwa Waganda, na ni isogi kwa Wanyarwanda. Wote wanazungumzia *Gynandropsis gynandra*.

Nyanya chungu, ambayo baadhi ya mikoa ya Tanzania huiita ngogwe, ni ntula Uganda na intoryi Rwanda. Pasheni ya Nairobi ni marakuja Kigali. Parachichi la Njombe ni avokado Nairobi na avoka Kigali. Hakuna jina lililo na makosa kati ya hayo. Kosa ni kudhani kwamba jina la kwenu ndilo la kila mtu.

Kiambishi m- kina uzito wake

Kiswahili kina faida moja ambayo lugha nyingi hazina. Kinatofautisha mti na tunda lake kwa kiambishi cha mwanzo. Mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mparachichi huzaa parachichi, mnazi huzaa nazi, mkarafuu huzaa karafuu.

Mti uko katika ngeli ya M-/MI-: mparachichi umepandwa, miparachichi imepandwa. Tunda lake liko katika ngeli nyingine: parachichi limeiva, maparachichi yameiva. Anayeandika "maparachichi 500" ametaja matunda. Anayeandika "miparachichi 500" ametaja miti.

Mpakani tofauti hiyo ni kubwa. Maparachichi ya kula yako chini ya namba 0804.40. Miche ya miti ya matunda, iwe imebebeshwa au la, iko chini ya 0602.20. Zaidi ya ushuru, masharti ya afya ya mimea kwa miche huwa makali kuliko ya matunda, kwa sababu mche unakwenda kuishi shambani na ugonjwa wake utaishi nao.

Wakulima wa migomba wanalijua hilo. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, kisha ukaonekana katika nchi jirani. Machipukizi yaliyoambukizwa ni mojawapo ya njia zinazoueneza. Kwa hiyo usiandike "ndizi" ukiwa umebeba machipukizi. Andika "machipukizi ya mgomba".

Kuna mimea ambayo kiambishi hakisaidii. Muhogo ni jina la mmea na ni jina la kinacholiwa. Hapo ni lazima uongeze neno: "muhogo mbichi wa kula", "makopa ya muhogo", au "pingili za muhogo za kupanda". Pingili ndizo zinazobeba batobato na michirizi kahawia kutoka shamba moja hadi jingine, na ndizo ambazo mkaguzi atataka kujua zimetoka wapi.

Angalia pia majina yasiyobadilika katika wingi. Ndizi moja ni ndizi, na ndizi mia ni ndizi. "Ndizi 40" inaweza kuwa vidole 40, chane 40 au mikungu 40. Taja kipimo daima: mikungu 40 ya ndizi, kilo 800 za nyanya.

Herufi kubwa na herufi ndogo

Kwa Kiswahili, majina ya kawaida ya mimea huandikwa kwa herufi ndogo: mwembe, mchicha, waridi, mwarobaini. Herufi kubwa hutumika mwanzoni mwa sentensi au pale jina linapobeba jina la mahali au la mtu. Mhindi kwa herufi kubwa ni mtu. Mhindi kwa herufi ndogo ni mmea unaozaa mahindi.

Jina la kitaalamu lina utaratibu wake, na ni huo huo Kampala, Bujumbura, Lusaka na Lubumbashi. Lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi na huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi na huandikwa lote kwa herufi ndogo. Yote mawili hupigwa kwa herufi za mlazo. Ukiandika kwa mkono, yapigie mstari chini.

Hivyo embe ni *Mangifera indica*. Usiandike "Mangifera Indica" wala "mangifera indica". Mara nyingine utaona herufi au kifupi mwishoni, kama *Mangifera indica* L. Hiyo L. ni kifupi cha Linnaeus, mtaalamu wa Sweden ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho chanzo cha utaratibu huu wa maneno mawili. Si sehemu ya jina lenyewe, kwa hiyo haiandikwi kwa mlazo.

Ukishataja jina zima mara moja, unaruhusiwa kufupisha jenasi: *M. indica*. Lakini kuwa mwangalifu katika orodha yenye bidhaa nyingi. Parachichi ni *Persea americana* na pasheni ni *Passiflora edulis*. Zote mbili zinakuwa *P.*, na msomaji anayepitia haraka anaweza kuzichanganya. Kwenye nyaraka za biashara, andika jina zima kila mara.

Ukiona "sp." baada ya jenasi, maana yake ni spishi moja ambayo haikutajwa. "spp." ni spishi zaidi ya moja. Mchicha huandikwa mara nyingi *Amaranthus* spp., kwa kuwa mchicha wa sokoni ni wa spishi kadhaa.

Majina haya nayo hubadilika wataalamu wanapopata ushahidi mpya. Nyanya iliitwa kwa muda mrefu *Lycopersicon esculentum*. Sasa ni *Solanum lycopersicum*. Mgagani ulikuwa *Cleome gynandra*. Ukikuta jina la zamani kwenye kibali na jipya kwenye ankara, usinyamaze. Mwombe mkaguzi akuambie lipi litumike, kisha nyaraka zote zifanane.

Spishi peke yake haitoshi

Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa zote ni *Brassica oleracea*. Mganda anayetaka nakati, ambayo ni mboga ya majani, na Mtanzania anayetaka nyanya chungu, ambayo ni tunda, wote wanataka *Solanum aethiopicum*. Kwa hiyo jina la kitaalamu huandikwa pamoja na jina la kawaida na sehemu ya mmea: majani, tunda, mbegu au mche.

Kisha kuna aina, ile ambayo mkulima anaitafuta kwa jina. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea ya kulimwa zinasema jina la aina liandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni, ndani ya alama moja moja za kunukuu, bila mlazo: *Persea americana* 'Hass'.

Hilo neno Hass huharibiwa sana. Utaliona vibandikoni kama "Haas", "Has" au "Hash". Ni jina la mtu. Rudolph Hass alikuwa tarishi wa posta huko California, Marekani, aliyesajili hataza ya mparachichi wake mwaka 1935. Mkulima anayenunua mche hawezi kuijua aina yake kwa kutazama majani tu. Atasubiri miaka kabla ya kuona tunda. Kibandiko ndicho ushahidi wake wa pekee kwa muda wote huo, na ndicho atakachokuletea siku akikuta amepanda kitu kingine.

Cheti kinataka nini

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya nchi mzigo unakotoka. Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, Rwanda ni RICA, na Uganda ni wizara ya kilimo. Nafasi ya jina la kitaalamu imo kwenye mfano wa cheti unaotumika duniani. Kiwango cha kimataifa namba 12 cha afya ya mimea kinataka jina hilo litajwe angalau hadi jenasi, na ikiwezekana hadi spishi.

Kiwango hicho hicho kinataja sababu za kukataa cheti. Miongoni mwake ni maandishi yasiyosomeka, maneno yaliyofutwa au kubadilishwa bila idhini, na maelezo yanayopingana. Ukiona jina limekosewa, usichukue kalamu ukalirekebisha mwenyewe. Rudi ofisi iliyokitoa.

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaotumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wakumbuke kwamba cheti hicho kinahusu ushuru. Hakiondoi wajibu wa ukaguzi wa afya ya mimea.

Kabla hujapakia

Kwanza, muulize mnunuzi jina analolitumia kwake, kisha mtumie picha ya bidhaa na jina la kitaalamu. Akikubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, una ushahidi.

Pili, andika kila bidhaa kwa mpangilio mmoja: kilichomo, jina la kitaalamu, aina, idadi au uzito, na kinakotoka. Kwa mfano: "Miche ya mparachichi iliyobebeshwa, *Persea americana* 'Hass', miche 500, Njombe."

Tatu, weka kibali cha kuingiza, cheti cha afya ya mimea, ankara na kibandiko mezani kwa pamoja. Soma jina neno kwa neno, herufi kwa herufi. Kama moja linasema dengu na jingine linasema choroko, mzigo usiondoke hadi karatasi zote zikubaliane.