Mtoto Asome kwa Sauti, Lakini Si Kila Neno

Darasa zima likiitikia kwa pamoja maneno yaliyo ubaoni, ni rahisi kudhani kwamba yameshaingia akilini. Sauti husaidia kweli kukumbuka maneno, ila ina masharti yake.

Mwaka 2010, Colin MacLeod wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu walisoma baadhi ya maneno kwa sauti na mengine kimya. Yaliyotamkwa yalikumbukwa zaidi. Mwaka 2018, MacLeod na Noah Forrin walilinganisha njia nne. Kusoma mwenyewe kwa sauti kulishika nafasi ya kwanza, kukafuatiwa na kusikia sauti yako iliyorekodiwa, kisha kumsikiliza mtu mwingine. Kusoma kimya kukawa mwisho.

Neno lililotamkwa limeonwa na macho, limefanyiwa kazi na ulimi na midomo, limesikiwa na masikio, tena msomaji anajua kwamba amelisema yeye. Kwa hiyo hutofautiana na mengine yaliyosomwa kimya. Hapa ndipo penye sharti la kwanza: yote yakisomwa kwa sauti, tofauti hiyo hupotea na faida hupungua sana.

Sharti la pili ni umri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa watoto wa miaka 7 hadi 10 nao hufaidika. Lakini Tania Zamuner na wenzake waligundua mwaka 2018 kwamba watoto wa takriban miaka 5 waliyatambua vizuri zaidi maneno mageni waliyoyasikia tu kuliko waliyoyarudia wenyewe. Huenda kutamka neno geni humchosha mtoto mdogo, asibakiwe na nguvu ya kulihifadhi. Huyo asomewe kwanza, mara nyingi.

Sharti la tatu linatuhusu sana wasomaji wa Kiswahili. Maneno yetu husomwa kama yalivyoandikwa, hivyo mtoto anaweza kutamka "mmomonyoko" bila kosa na asijue ni kitu gani. Kulikumbuka neno bila maana yake ni nusu ya kazi.

Basi mwalimu wa darasa la tatu anayesomesha habari kuhusu mvua achague maneno machache, kama gharika, mmomonyoko na bonde. Ayatamke yeye kwanza, kisha kila mtoto alisome neno kwa sauti yake mwenyewe, bila kujificha ndani ya sauti za wenzake, na alitungie sentensi. Sehemu nyingine ya habari isomwe kimya.

Nyumbani pia inawezekana, hata kwa mzazi ambaye hakubahatika kwenda shule. Amwambie mwanawe, "Nisomee," amsikilize hadi mwisho, kisha amuulize: "Neno hili lina maana gani?" Swali hilo halihitaji kitabu cha pili wala ada ya masomo ya ziada.