Roboti Ikimlisha Mama, Mwana Atajifunza Nini?

Majuzi, tukiwa katikati ya somo la maana za maneno, mwanafunzi wangu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote: je, kuna ubaya gani mwana akimnunulia mamaye mkongwe roboti ya kumlisha, kumwinua kitandani na kuzungumza naye?

Swali hilo si ndoto. Nchini Japani, roboti iitwayo Paro, yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, imekuwa ikiuzwa tangu 2005 ili kuwaliwaza wazee. Nayo Uchina, kwa mujibu wa sensa ya 2020, ilikuwa na watu milioni 264 waliotimiza miaka 60 au zaidi. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, imewaacha wengi wakiwatunza wazazi wawili bila ndugu wa kusaidiana naye.

Ni huko huko Uchina alikoishi Confucius, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo. Yeye alikataa kwamba kumlisha mzazi pekee kwatosha kuitwa wema wa mwana, maana hata mbwa na farasi hulishwa. Kinachotofautisha ni heshima. Wahenga wetu nao walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata maandishi ya Kichina yanadokeza haya. Neno xiao, yaani wema wa mwana kwa wazazi, lina alama ya mzee juu na ya mtoto chini, kana kwamba mtoto kambeba mzee. Neno ren, ambalo mimi hulifasiri kuwa utu, lina alama ya mtu kando ya alama ya mbili.

Pengine utauliza: ikiwa mama ameshiba na ameridhika, kimepungua nini? Mwanafunzi wa Confucius, Zai Wo, alidai vivyo hivyo kwamba kuwaomboleza wazazi miaka mitatu ni muda mrefu mno, mwaka mmoja watosha. Mwalimu hakumweleza marehemu angepoteza nini. Alimwuliza kama moyo wake ungetulia akila vinono na kuvaa mavazi ya fahari wakati huo. Zai Wo akajibu kwamba ungetulia. Alipotoka, mwalimu alisikitika kwamba kijana huyo hana utu, ilhali kila mtoto hubebwa na wazazi wake miaka mitatu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Roboti yaweza kumshibisha mama isimwathiri kwa lolote, lakini humnyima mwana shule yake. Asiyewahi kushika kijiko, wala kumeza hasira uji unapomwagika, atajifunzia wapi subira? Kwa Confucius, tabia njema hujengwa kwa matendo ya adabu yanayorudiwa kila siku.

Sisemi roboti zipigwe marufuku. Kumwinua mgonjwa huumiza migongo ya walezi. Mashine ikiinua ili mwana apate nafasi ya kuketi na mamaye, imeusaidia utu. Tangu Julai 2013, sheria ya Uchina inawataka wana waishio mbali na wazazi wao wawatembelee au kuwasalimu mara kwa mara. Lakini sheria huamrisha miguu tu, haiwezi kuuamrisha uso ukunjuke.

Hivyo nilimjibu mwanafunzi wangu: nunua roboti ya kuinua, ila kijiko ukishike mwenyewe.