Huku Si Bweni

Watu wa Masaki na Oysterbay, hapa Dar es Salaam, pamoja na ndugu zetu wanaoshuka kutoka mikoani kukaa wiki mbili, wana neno lao juu yetu sisi wa Mbagala, Chamazi, Goba na Bunju: huku ni kwa kulala tu. Mtu anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, mlango unafungwa. Jirani hamjui, na mila kamwachia bibi kijijini.

Kuondoka na giza tunaondoka, hilo sibishi. Aliyewahi kusimama Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi anajua jinsi gari linavyojaa kabla halijasimama, wengine wakiingilia dirishani. Wenye akili wanageuza nalo: wanapanda gari linaloshusha, wanakwenda nalo hadi mwisho wa njia na kulipa nauli mara mbili, mradi wapate kiti cha kurudia mjini. Mgeni akiona hayo anasema ni vurugu. Haoni kinachofuata. Gari likishaondoka, aliyekaa anampokea aliyesimama mkoba wake bila kuombwa, anaupakata hadi Kariakoo. Mtoto wa shule anavutwa katikati ya magoti ya mama asiyemjua, na akisinzia anaachwa asinzie. Hakuna anayesema asante nyingi, kwa sababu kesho mzigo utakuwa wa mwingine. Hiyo nayo ni desturi, ingawa haina ngoma.

Lakini anayetaka kutujua asituhesabie saa za kulala. Aje siku ya msiba.

Habari haina haja ya kutangazwa. Turubai likionekana limefungwa kutoka ukutani kwa marehemu hadi kwenye mwembe wa jirani, njia imeshazibwa na bodaboda zinazunguka kwa nyuma. Vijana ambao jana walikuwa wanaitwa wahuni ndio hao wanabeba mabenchi. Wanawake wanajifunga khanga viunoni na kwenda moja kwa moja kwa mjumbe, maana sufuria kubwa za mtaa zinakaa kwake. Huyo mjumbe ni mabaki ya utaratibu wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960. Siasa imebadilika, vyama vingi vimerudi tangu 1992, na kuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa mwenye muhuri. Sufuria hazijahama.

Mafiga yanapangwa uani, kuni zinashushwa, na kazi inajigawa yenyewe. Wa kuchambua mchele wanakaa kwenye mkeka upande wa kivuli. Wa vitunguu wanajitenga na moshi. Mwiko wa kusongea ugali wa msiba ni mrefu kama kasia, na si kila mtu anapewa. Kwenye mtaa wetu unashikwa na mama mmoja mnene, muuza samaki wa kukaanga, ambaye siku za kawaida ana madeni na nusu ya majirani na maneno na nusu iliyobaki. Siku hiyo hakuna anayemdai, na akisema chumvi haitoshi, haitoshi.

Ndani, wafiwa wa kike wamekaa chini, magodoro yameondolewa vitandani na kutandikwa ukumbini. Nje, wanaume wanakunywa kahawa. Pembeni, kwenye kimeza kidogo, mtu mwenye mwandiko mzuri ana daftari: fulani elfu mbili, fulani elfu tano, fulani kilo tano za mchele. Anayekwenda kazini anapita alfajiri, anasalimia, anaandikwa, anakimbilia gari. Jioni harudi kwake kwanza. Anashukia msibani na begi lake la kazini, anakula wali maharage pale pale, na wengine wanalala hapo hapo hadi siku ya kuanua tanga. Ndugu wa Masaki, huo ndio usingizi wetu.

Tena kuna jambo ambalo halijawahi kuacha kunigusa. Huku tunaitana kwa watoto: Mama Neema, Baba Zawadi, Mama Abdul. Unaweza kukaa na mtu miaka kumi na tano, mkaazimana chumvi na mwavuli, usilijue jina lake. Unalisikia kwa mara ya kwanza likitangazwa msikitini au likisomwa na mchungaji, majina yake yote matatu. Watu wanatazamana: kumbe Baba Zawadi alikuwa anaitwa hivyo!

Na watani. Hapa ndipo wageni wanaposhika kichwa. Wazaramo, wenyeji wa huku, wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma, utani uliokua tangu enzi za misafara iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo ikikatiza Uzaramoni. Mtani wa Kinyamwezi akifika msibani kwa Mzaramo hasemi pole. Anauliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili marehemu ameacha nini cha kugawana. Anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anamkumbusha deni la gongo. Mwili ukitaka kutoka anajilaza mlangoni, hasogei hadi apewe chochote. Nilimwona mgeni mmoja, mtu wa heshima zake, akitaka kumwondoa mtani kwa nguvu. Wazee wakamvuta shati. Hakuona kwamba mjane, ambaye tangu jana hajatia kitu mdomoni, alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na baada ya kucheka aliomba uji. Dawa gani ya duka inafanya hivyo?

Kitchen party, send-off na kamati zake za michango sina la kuzisema. Zina wasemaji wengi wenye vipaza sauti. Vigodoro navyo, polisi wanavijua kuliko mimi.

Unyago nautetea kwa masikitiko. Wanaousema kuwa ni mafunzo ya chumbani tu hawajakaa na kungwi hata alasiri moja. Mfini mmoja, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju miaka ya 1960 na kuandika kitabu kuhusu ibada za Wazaramo, kikatoka 1970. Bunju ile ilikuwa kijiji, na mwali alipelekwa chini ya mti wa mkole akafundishwa usafi, adabu, uzazi, na namna ya kuishi na watu. Kisha ukaja mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002: Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, kote vigingi. Sisemi watu wasijenge. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, na hao milioni walioongezeka lazima walale mahali. Ila ramani ya mpimaji haina alama ya mti wa mwali. Siku hizi mwali anachezwa Jumamosi moja, uani, kwa spika ya kukodi, na kungwi anaangalia saa kwa sababu ana mwali mwingine Gongo la Mboto.

Msiba nao umeanza kuguswa. Sehemu zenye mageti, Madale na Goba juu kule, jirani anafiwa na wa ukuta wa pili anajua kwa kuona magari. Huku kwetu ni simu. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008 daftari linakonda mwaka hadi mwaka. Mtu anatuma elfu kumi akiwa kwenye foleni, jina lake linapita kwenye kundi la WhatsApp, watu wanajibu kwa vidole vya kusali, na yeye anajiona amezika. Pesa inafaa, jeneza halinunuliwi kwa machozi. Lakini anayetuma elfu kumi na asiyeonekana, mjane hamkumbuki. Aliyekuja mikono mitupu akapasua kuni anamkumbuka hadi jina la mwanawe.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha mtaa kililetewa hoja na wakazi wapya wa upande wa lami: sufuria ziuzwe, misiba ipikiwe na wapishi wa kukodi, kila nyumba ichangie kwa mwezi. Hoja imepangwa vizuri, ina hesabu, na mleta hoja ni kijana mstaarabu aliyeanza na shikamoo. Akasema akina mama wapumzishwe. Nilimuuliza ni mama yupi aliyemtuma. Muuza samaki wetu alikuwa kimya, amekunja mikono, na mimi najua ukimya wake. Kikao kiliahirishwa hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, kwa mjumbe. Kura yangu wanaijua, na hao wa upande wa lami nimeshawaambia: kabla ya kupiga yao, waje kwanza wachambue mchele.