Kompyuta mpakato: Mnunuzi asidanganywe na mng'aro

MSIMU wa mavuno unapomalizika na mazao yakishauzwa, wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaotenga sehemu ya fedha zao kununua kompyuta mpakato. Lengo ni zuri: daftari la madeni, hesabu za ghala na orodha ya wanachama wa chama cha msingi vikae mahali pamoja.

Tatizo ni kwamba wengi wakifika dukani huuliza mambo mawili tu, bei na kasi. Miezi michache baadaye kifuniko kinalegea, kioo kinazimika, na hesabu za msimu mzima zinabaki ndani ya mashine isiyowaka.

Kompyuta inayotumika kando ya mizani, kama katika soko la mahindi la Kibaigwa mkoani Dodoma, hukutana na vumbi, joto na safari za pikipiki. Hivyo uimara wa umbo ndio wa kwanza kukaguliwa.

Mnunuzi afungue na kufunga kifuniko mara kadhaa. Bawaba nzuri hukishikilia kioo pale kilipoachwa bila kutikisika. Kisha aishike mashine kwa pembe moja na kuinyanyua kidogo. Ikipinda au kutoa mlio, ganda lake ni dhaifu. Achomeke chaja na kuichezesha taratibu; tundu lililolegea litakata moto.

Diski nayo ina uzito wake. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, hivyo mtikisiko wa barabara mbovu unaweza kuiharibu. Ile ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani, na huhimili safari vizuri zaidi.

Zipo kompyuta zilizotengenezwa kwa mazingira magumu, kama Toughbook za Panasonic zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, ingawa bei yake ni kubwa. Wenye mtaji mdogo wanaweza kutafuta zile za ofisini zilizotumika. ThinkPad, iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuwa chini ya Lenovo tangu 2005, ina modeli kadhaa zenye vijitundu chini ya kibodi vya kupitishia maji yakimwagika.

Kishale kinachorukaruka

Jambo la pili ni kifaa cha kuongozea kishale. Pedi ya kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo kupitia kidole. Kidole chenye jasho au maji huichanganya, na kishale huruka hovyo. Anayeingiza hesabu anaweza kujikuta amebofya "futa" badala ya "hifadhi".

Mnunuzi aburuze kidole kutoka pembe moja ya pedi hadi nyingine, kisha abonyeze pande zote mbili. Kishale kikiruka wakati chaja imechomekwa na kutulia inapochomolewa, huenda kasoro iko kwenye chaja. Pedi iliyoinuka au ngumu kubonyeza inaweza kuwa dalili ya betri iliyovimba chini yake. Betri hiyo ni ya hatari na inaweza kushika moto, hivyo mashine hiyo isinunuliwe.

ThinkPad nyingi zina pia kijiti chekundu katikati ya kibodi. Chenyewe huhisi msukumo wa kidole, si umeme, hivyo jasho halikisumbui sana. Kinahitaji siku chache kukizoea. Asiyekipenda anaweza kununua kipanya cha waya, ambacho ni nafuu na hubadilishwa kirahisi kikiharibika.

Kibodi nayo ijaribiwe kitufe kwa kitufe, hasa tarakimu. Namba 7 isiyoandika itaharibu hesabu kimyakimya.

Kwa mashine iliyotumika, mnunuzi akumbuke kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka prosesa mpya zaidi. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane na kuendelea.

Mwisho, risiti na muda wa dhamana viandikwe kabla fedha hazijatolewa. Na hata mashine ikiwa imara namna gani, nakala ya hesabu iwekwe kwenye flashi kila jioni. Kompyuta ikifa, nyingine hununuliwa. Daftari la madeni likipotea, wadaiwa hawatalikumbusha.