Somo la Redio: Kuongeza Sauti ya Muziki Katika Pikipiki ya Zamani

Ketini vizuri, muwe na kalamu na daftari, maana leo kuna hesabu.

Ninyi mlioko Kilwa Masoko, Nangurukuru, Somanga, Mchinga na Lindi mjini, mmezoea kuona bodaboda zenye redio. Abiria hupenda muziki, na mwendeshaji hupenda abiria. Ziko pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ambazo baadhi hutoka kiwandani na redio yake. Pikipiki ndogo za kwetu hazikuundwa kwa kazi hiyo. Basi mwenye pikipiki kuukuu na afanye hesabu kwanza, kisha anunue.

Kwa nini? Kwa sababu redio, taa na honi hunywa maji ya kisima kimoja. Kutoka Nangurukuru hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na usiku sehemu nyingi hakuna mwanga ila wa taa yako. Redio ikimaliza umeme utakosa muziki, na hilo si kitu. Lakini ukikosa taa mbele ya lori, hiyo ni roho ya mtu.

UMEME WATOKA WAPI?

Ndani ya injini mna koili. Injini ikizunguka, koili hutoa umeme. Betri ni mtungi wa kuuwekea. Ukisimama na injini ikinguruma polepole, koili hutoa umeme kidogo tu.

Kwanza soma maandishi ya betri. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zilikuwa na betri ya volti 6, na redio nyingi za siku hizi hutaka volti 12. Visipolingana, usiunge.

Sasa andikeni: wati ukigawanya kwa volti, unapata ampea. Redio ya wati 36 kwa betri ya volti 12 hula ampea 3, maana 36 ÷ 12 = 3. Tuseme betri yako ni ya ampea-saa 6. Gawanya 6 kwa 3. Injini ikiwa imezimwa, redio itaimaliza betri kwa saa 2, na betri inayokaushwa hivyo mara kwa mara hufa mapema. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hesabu ya pili. Tuseme koili hutoa wati 100 mkiwa mwendoni. Taa kubwa yatumia 35, taa ya nyuma 5, cheche ya plagi na mengineyo 20. Jumla ni 60. Zimebaki 40. Redio ya wati 36 itaingia kwa kujibana, na bado hujakanyaga breki wala kupiga honi.

NGUVU NYINGI SI SAUTI KUBWA

Wengi hudhani redio ya wati 40 italia mara mbili ya ile ya wati 20. Sivyo. Sikio litasikia tofauti ndogo tu. Ili usikie sauti kama mara mbili, nguvu yapasa iongezwe kama mara kumi, yaani wati 200! Pikipiki ndogo itazitoa wapi?

Kwa hiyo anza na spika yenyewe. Spika nzuri hutoa sauti kubwa kwa umeme uleule. Tena ifungwe katika kasha. Spika husukuma hewa mbele na nyuma. Ikiwa wazi, hewa ya nyuma hukutana na ya mbele, na sauti nzito hupotea. Iwe ya plastiki isiyoharibiwa na maji, na ielekee uso wa mwendeshaji.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Vuta waya mpya kutoka chanya ya betri. Usiibe umeme kwenye waya wa taa.

2. Weka fyuzi karibu na betri. Redio ya ampea 3 yatosha fyuzi ya ampea 5. Kamba hukatikia pembamba, na fyuzi ndiyo pembamba tuliyoichagua wenyewe, ili waya usiungue. Usitie msumari wala karatasi ya sigara mahali pake.

3. Umeme wa redio upitie swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki redio nayo izime.

4. Waya usiguse ekzosi. Geuza usukani kushoto na kulia uone kama unavutika.

5. Upepo wa pwani una chumvi, nayo hula shaba. Paka grisi kwenye vichwa vya betri baada ya kukaza, na funika maungio vizuri.

Mwisho, pima. Injini iende kasi ya kawaida, taa ziwake, redio ilie. Mita ikionyesha volti 13 au zaidi, koili yatosha. Ikiwa chini ya 12 na nusu, betri inaliwa: punguza redio. Na sauti iwe ya kiasi cha kukuwezesha kusikia honi ya basi lililo nyuma yako.

MASWALI

1. Redio ya wati 24 kwa betri ya volti 12 hula ampea ngapi?
2. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri?
3. Jirani yako anataka redio ya wati 200. Utamshauri nini?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini.